Kutoka Ubaoni hadi Ukurasani: Mahali na Mtendaji katika Uhamishaji wa Taarifa kwa Kompyuta, kwa Mfano wa Mpaka wa Tunduma

1.0 Utangulizi

Katika ofisi nyingi kazi ya kupanga hufanyika mara mbili. Mara ya kwanza hufanyika kwa kuchora: watu hukusanyika mbele ya ubao, hubandika vikaratasi, huvisogeza na kuviunganisha kwa mishale. Mara ya pili hufanyika kwa kuandika: mtu mmoja hukaa akaugeuza mchoro ule kuwa maandishi yatakayosomwa na wale ambao hawakuwapo. Hatua zote mbili sasa zimeingia katika kompyuta. Ubao umekuwa programu, mfano wake Miro, iliyoanzishwa mwaka 2011 kwa jina la RealtimeBoard na kubadilishwa jina mwaka 2019. Maandishi nayo yamepata makao katika wiki, yaani mkusanyo wa kurasa ambazo kila mwanakikundi mwenye ruhusa anaweza kuzihariri, mfano wake Confluence, iliyotolewa na kampuni ya Atlassian ya Australia mwaka 2004. Kazi iliyobaki katikati, ile ya yule mtu mmoja aliyekaa na kuandika, ndiyo inayozidi kukabidhiwa kanuni za kompyuta.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi uhamishaji huo unavyofanyika, na kuonyesha kwamba tatizo lake kubwa ni la lugha kabla ya kuwa la mitambo. Ubaoni, sehemu kubwa ya maana hubebwa na mahali: kitu kiko upande gani, kiko karibu na nini, kina rangi gani, mshale unatoka wapi kwenda wapi. Ukurasani, maana hubebwa na sentensi. Kanuni ya kompyuta huhamisha maneno yaliyoandikwa juu ya kikaratasi. Yale ambayo kikaratasi kiliyasema kwa kukaa pale kilipokaa hubaki nyuma. Kiswahili kina viambishi vinavyoweza kuyabeba hayo yanayobaki nyuma, lakini mazoea ya kuandika vikaratasi ndiyo hasa yanayoviacha viambishi hivyo.

Neno lenyewe wiki linahitaji tahadhari kidogo. Ward Cunningham, Mmarekani aliyeanzisha mkusanyo wa kwanza wa aina hiyo mwaka 1995, alilichukua kutoka lugha ya Kihawaii, ambamo lina maana ya wepesi au haraka. Katika Kiswahili limekuta neno jingine lenye umbo lile lile, yaani siku saba, na yote mawili yamo katika ngeli moja. Kirai "kurasa za wiki hii" kwa hiyo kina maana mbili, na upatanisho wa kisarufi hausaidii kuzitenganisha. Waandishi wa miongozo ya kazi wangefanya vyema kulitumia juma kwa siku saba na kuliachia wiki mkusanyo wa kurasa. Katika makala hii maana hiyo ya pili ndiyo inayotumika.

2.0 Mpaka kama mchoro

Tunduma ni mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016 na ambao makao yake makuu yako Vwawa. Ng'ambo ya mpaka upo mji wa Nakonde, Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa serikali za Tanzania na Zambia mwaka 1976, zote hupita hapo, na shehena nyingi za Zambia na za kusini ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutumia njia hiyo.

Kwa miaka mingi lori lilisimama mara mbili: upande mmoja kwa taratibu za kutoka, na upande wa pili kwa taratibu za kuingia. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walizindua kituo cha huduma za pamoja mpakani. Zambia ilikuwa na uzoefu wa kituo cha namna hiyo tangu Desemba 2009, huko Chirundu, katika mpaka wake na Zimbabwe. Msingi wa utaratibu huo ni kwamba gari husimama mara moja tu, katika nchi linakoingia. Lori linalotoka Tanzania huvuka bila kusimama kwa ukaguzi Tunduma. Hufika Nakonde, ambako maofisa wa Tanzania hukamilisha taratibu za kutoka, kisha maofisa wa Zambia hufanya zao za kuingia. Lori linalotoka Zambia hushughulikiwa Tunduma kwa mpango huo huo. Maofisa wa nchi moja kwa hiyo hufanya kazi katika ardhi ya nchi nyingine, ndani ya eneo la pamoja la udhibiti, huku wakitumia sheria za nchi yao.

Utaratibu huu unafaa sana kwa mjadala uliopo, kwa sababu unatenganisha mambo mawili ambayo zamani yalikwenda pamoja: mahali tendo linapofanyika na mamlaka inayolitenda. Mtu aliyechora mpaka wa Tunduma kabla ya mwaka 2019 aliweza kupiga mstari mmoja wa wima katikati ya ubao na kuviacha vikaratasi viseme vyenyewe. Kilichokaa kushoto kilikuwa cha Tanzania, kilichokaa kulia kilikuwa cha Zambia, na hapakuwa na haja ya kuandika zaidi. Mchoro wa leo hauwezi kusomwa hivyo. Kikaratasi kinachokaa kulia kinasema tu kwamba kazi inafanyika Nakonde. Nani anaifanya ni swali jingine.

Mchoro utakaojadiliwa katika sehemu zinazofuata umetungwa kwa ajili ya maelezo. Utaratibu unaochorwa ndio ulioelezwa hapa.

3.0 Kanuni inavyofanya kazi

Mtiririko wa kazi unaoendeshwa na kompyuta huwa na viungo vitatu. Cha kwanza ni kianzishi, yaani tukio linaloiamsha kanuni: kikaratasi kimeongezwa, kimebadilishwa rangi, au kimepewa lebo fulani, tuseme lebo yenye neno "tayari". Programu nyingine hutuma taarifa mara tukio linapotokea. Nyingine haziitumi, na hapo kanuni hulazimika kuuliza tena na tena, kila baada ya dakika kadhaa, kama kuna jambo jipya. Cha pili ni usomaji: kanuni huuomba ubao data za kikaratasi kile. Cha tatu ni tendo: kanuni huiomba wiki itunge ukurasa mpya au ibadilishe uliopo.

Inafaa kuangalia kwa makini kile ambacho ubao hujibu unapoulizwa. Jibu lina namba ya utambulisho wa kikaratasi, maneno yaliyoandikwa juu yake, rangi, na namba mbili, moja ya mlalo na nyingine ya wima, zinazoonyesha kilipo. Mishale haimo, kila mshale ni kitu cha peke yake, chenye namba ya utambulisho wa kikaratasi unakotoka na ya kile unakokwenda, na lazima uombwe kwa ombi jingine. Mstari wa wima uliochorwa kama mpaka nao ni kitu cha peke yake. Hakuna mahali popote katika jibu palipoandikwa kwamba kikaratasi kiko "upande wa kulia wa mpaka". Hilo lilionwa na macho ya watu waliokuwapo. Kwa kompyuta kuna namba ya mlalo ya kikaratasi na namba ya mlalo ya mstari, na hakuna aliyeiambia kwamba zina uhusiano.

Wiki nayo ina masharti yake. Katika Confluence, kurasa mbili haziwezi kuwa na kichwa kimoja ndani ya eneo moja la kazi. Aidha, anayebadilisha ukurasa hutakiwa kutaja namba ya toleo jipya, iliyoongezwa moja juu ya toleo lililopo. Akitaja namba isiyolingana, ombi lake hukataliwa. Sharti hili la pili ni kinga nzuri dhidi ya watu wawili kufutiana kazi. Lile la kwanza, kama itakavyoonekana, ni mtego.

4.0 Kinachobaki ubaoni

Tuseme mchoro wa lori linalokwenda Zambia una vikaratasi vifuatavyo, vyote vikiwa kulia mwa mstari:

(1) a. Kupokea nyaraka (samawati)
    b. Kukagua mzigo (samawati)
    c. Kupokea nyaraka (kijani)
    d. Kukagua mzigo (kijani)

Samawati ni maofisa wa Tanzania, kijani ni maofisa wa Zambia, na mishale inakwenda kutoka (1a) hadi (1d). Aliyepo mbele ya ubao hana shaka yoyote. Kanuni iliyoandikwa kwa njia iliyo nyepesi zaidi itatunga ukurasa kwa kila kikaratasi na kuyafanya maneno yake kuwa kichwa. Kurasa za (1a) na (1b) zitatungwa. Ikifika (1c), wiki itakataa, kwa kuwa kichwa "Kupokea nyaraka" kimeshatumika. Mtaalamu wa kompyuta, akiona ombi limekataliwa, kwa kawaida huongeza sharti: ikiwa ukurasa wenye kichwa hicho upo, ubadilishwe. Kuanzia hapo hakuna tena kinachokataliwa, na kurasa za Zambia zinaandikwa juu ya zile za Tanzania. Anayeusoma mwongozo atakuta hatua mbili mahali penye nne.

Hasara yake si ya kinadharia. Mzigo unaopita Tanzania kwenda nchi nyingine husafiri chini ya dhamana ya forodha, na dhamana hiyo hufutwa mzigo unapothibitishwa kuwa umetoka nchini. Wakala mgeni anayefuata mwongozo usio na hatua ya kutoka anaweza kulipeleka lori moja kwa moja kwenye dirisha la Zambia. Mzigo utakuwa umeondoka kweli, lakini katika kumbukumbu za Tanzania utakuwa ungali njiani, na mwenye dhamana ndiye atakayedaiwa.

Inaweza kusemwa kwamba kosa ni la kanuni, na kwamba kanuni iliyo bora ingetumia namba ya utambulisho badala ya kichwa. Ni kweli, na inapasa kufanywa hivyo. Hata hivyo, kurasa nne zenye namba tofauti bado zingekuwa na maneno mawili tu. Shida ilianza pale kikaratasi kilipoandikwa kwa kitenzi-jina. Umbo la ku- halina nafsi, halina wakati na halina mahali. Ndiyo sababu linapendwa ubaoni, kwani ni fupi na mambo hayo matatu yamekwisha kusemwa na rangi, mshale na mstari. Likitolewa hapo, linabaki jina la tendo lisilo na mwenyewe.

Waandishi wengi wa miongozo hujaribu kurekebisha hali hii kwa kutumia hu- ya mazoea:

(2) a. Hupokea nyaraka.
    b. Afisa wa forodha wa Tanzania hupokea nyaraka.
    c. Anapokea nyaraka.

Hu- inaonekana kufaa, kwa kuwa utaratibu ni jambo la kila siku. Lakini kiambishi hiki hakichukui kiambishi cha nafsi. Nomino ya mtenda ikidondoshwa, kama katika (2a), hapabaki hata alama ndani ya kitenzi ya kuonyesha kwamba kuna kitu kimedondoshwa. Katika (2c), a- angalau inamlazimisha msomaji kuuliza ni nani. Kwa maandishi yanayotungwa na watu, tofauti hii ni ndogo, kwa sababu mwandishi huandika sentensi ya pili akiikumbuka ya kwanza. Kanuni ya kompyuta haina kumbukumbu ya namna hiyo. Kila kikaratasi huhamishwa peke yake, na sentensi iliyokuwa ikiegemea jirani yake hufika imeanguka. Hu- basi itumike tu pale nomino ya mtenda inapoandikwa ndani ya kikaratasi kile kile.

Kauli ya kutendwa ina hatari nyingine. "Nyaraka zinapokelewa" ni sentensi kamili na yenye upatanisho, lakini upatanisho wake ni wa nyaraka. Inamridhisha mhariri bila kumwambia msomaji aende dirisha gani.

Jambo lililo na utajiri zaidi ni lile la mahali. Tangu Ashton (1944) imekuwa kawaida kueleza kwamba ngeli za mahali katika Kiswahili zinatofautisha mahali mahususi (pa-), mahali pasipo mahususi au eneo pana (ku-), na ndani (m-). Lugha chache zinazotumika katika programu hizi zina tofauti hiyo ndani ya kitenzi chenyewe. Taz. mifano ifuatayo:

(3) a. Dirisha la pili panapokelewa nyaraka za kutoka Tanzania.
    b. Nakonde kunapokelewa nyaraka za kutoka Tanzania.
    c. Katika eneo la pamoja la udhibiti mnapokelewa nyaraka za kutoka Tanzania.

Sentensi hizi tatu zinalingana kwa karibu sana na njia tatu ambazo kikaratasi kinaweza kukaa ubaoni: kugusa alama moja mahususi, kuwa upande fulani wa mstari, au kuwa ndani ya fremu. Hii ya tatu ndiyo pekee ambayo kompyuta huielewa bila kufundishwa, kwa maana fremu ni kitu ambacho programu ya ubao hukitambua, na kikaratasi kilichowekwa ndani yake huandikwa kuwa ni chake. Mchoraji anayetaka mchoro wake uhamishwe vizuri angefaa kuuacha mstari na kutumia fremu. Kwa maneno ya sarufi, aiache ku- na kutumia m-.

Hapana budi kukiri kwamba katika matumizi ya leo ku- imeenea mno, hasa katika maandishi ya ofisi, ambamo "kuna" husimama mahali pa "pana" na "mna" bila mtu kushtuka. Tofauti iliyoelezwa haiwezi kuaminiwa kwa msomaji wa kawaida peke yake. Inahitaji jina la mahali liandikwe pia. Lakini kwa mwandishi inabaki kuwa kipimo kizuri. Asiyejua achague pa-, ku- au m- hajajua bado kikaratasi chake kinasema nini.

Rangi na upande vinaweza, bila shaka, kufanyiwa kanuni. Inawezekana kuagiza kwamba kila kikaratasi cha samawati kiongezewe maneno "Afisa wa Tanzania" kinapohamishwa, na kila kilichomo katika fremu ya Nakonde kiongezewe "huko Nakonde". Vikundi vingi hufanya hivyo, na kwa michoro iliyotulia njia hiyo inatosha. Sharti lake ni kwamba rangi na mahali vitajwe kuwa mambo mawili, kila moja na nafasi yake katika ukurasa. Hapa ndipo mazoea ya zamani yanapoponza. Kundi lililozoea mpaka wa kabla ya 2019 litaandika kanuni moja: kulia ni Zambia. Kanuni hiyo itaviandika (1a) na (1b) kuwa kazi za maofisa wa Zambia, kwa Kiswahili sanifu, bila kusita, na katika kila ukurasa. Mtu aliyekuwa akiandika kwa mkono angesita. Mashaka yake yangemfanya aulize.

Mashaka yenyewe ni aina nyingine ya maana isiyosafiri. Ubaoni, kikaratasi kilichowekwa pembeni, chenye alama ya kuuliza, kinaeleweka kuwa ni pendekezo. Maneno yake yakiwa "Magari ya mafuta kupita njia ya pembeni", ukurasani yatasomeka kama utaratibu uliokwisha kukubaliwa. Kiswahili kinatenganisha vizuri "yangepita", "yatapita", "yapite" na "hupita", yaani dhana, mpango, agizo na desturi. Umbo la ku- linazifunika zote nne. Kutokana na hilo, lebo ya "tayari" isiruhusiwe kuwekwa juu ya kikaratasi kisicho na kitenzi kilichonyambuliwa kwa wakati au hali. Huo ni ukaguzi ambao mtu anaweza kuufanya kwa kutupa jicho, na kwa sehemu kubwa hata kompyuta inaweza kuusaidia.

5.0 Istilahi na safari ya kurudi

Istilahi za kompyuta za Kiswahili zimeshughulikia zaidi majina ya vitu na amri za skrini. Tafsiri ya programu za ofisi iliyotolewa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice ilikuwa kazi kubwa ya namna hiyo. Majina ya mahusiano kati ya programu yameshughulikiwa kidogo. "Kianzishi", "mtiririko wa kazi" na "lebo" yanajitosheleza. "Kujiendesha" linaleta mgogoro. Kiambishi ji- kinasema kwamba mtendaji na mtendwa ni mmoja, na hivyo kinamwondoa katika sentensi mtu aliyeiandika kanuni. Mtiririko "unaojiendesha" ukikosea, hakuna wa kuulizwa. "Mtiririko unaoendeshwa kwa kanuni" ni kirefu, lakini kinaacha nafasi ya swali la nani aliyeiweka kanuni hiyo na lini.

Uhamishaji wa pande mbili, ambao hapa utaitwa uoanishaji, huleta matatizo yake. Mabadiliko ya ukurasa yakirudi ubaoni, ubao nao utaona kwamba kikaratasi kimebadilika na kuituma taarifa hiyo kwenye wiki, na mzunguko hautakoma. Kinga yake ni kuweka alama ya chanzo katika kila badiliko, ili kanuni isishughulikie badiliko iliyolileta yenyewe. Hata mzunguko ukizuiwa, sentensi ndefu ya ukurasani haitoshei juu ya kikaratasi, na ubao wenye aya nzima nzima huacha kuwa mchoro. Kwa kazi kama ya mpaka, inatosha ukurasa urudishe ubaoni kiungo chake tu na jina la aliyeuthibitisha.

Linabaki suala la kufuta. Kikaratasi kikiondolewa ubaoni, je, ukurasa wake nao ufutwe? Programu hazina jibu moja, na kanuni nyingi huandikwa bila kulifikiria. Ubaoni, kuondoa ni sehemu ya kufikiri. Watu hubandua na kubandika mara nyingi kwa saa moja. Ukurasani, kuondoa ni kutangua utaratibu. Katika Nakonde na Tunduma hatua ya forodha haitanguliwi na mtu mmoja aliyesimama mbele ya ubao. Huhitaji makubaliano ya mamlaka mbili. Ukurasa wa namna hiyo uhamishiwe kwenye kumbukumbu, ukiwa na toleo lake la mwisho, tarehe, na sentensi moja yenye kitenzi cha wakati uliopita na mtenda wake, inayoeleza ni nani aliyeiondoa hatua hiyo na kwa idhini ya nani.